Taa ya ABS na waya uliokatikia ndani

Mara ya kwanza taa ile iliwaka mwishoni mwa mwezi wa nane, msimu wa pili wa zabibu, nikitoka mjini Dodoma kwenda Hombolo na kreti tupu nyuma. Nilikuwa nimeshaacha lami, vumbi limeingia mpaka ndani ya kabini. Nikavuka kijikorongo kimoja ninachokijua kama sebule yangu, pikapu ikaruka kidogo, na nilipotazama dashibodi nikaona rangi ya njano: herufi tatu ndani ya duara, ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapokanyaga breki kwa nguvu. Nikakanyaga breki, ikashika. Nikakanyaga tena, ikashika vilevile. Nikaendelea na safari.

Nilipozima gari shambani na kuliwasha tena saa mbili baadaye, taa ilikuwa imezimika. Hapo ndipo wengi tunapojipa moyo. Ila mimi nina tabia moja iliyotokana na biashara: kila safari naiandika kwenye daftari, kreti ngapi, za nani, mafuta lita ngapi. Siku hiyo, chini ya hesabu ya kreti, niliandika: "Taa ya ABS imewaka korongoni, kwenda." Sikujua kwamba maneno hayo sita yatakuja kuwa na thamani kuliko fedha nilizozitoa baadaye.

Kufikia mwezi wa kumi taa ilikuwa imewaka mara saba. Nikalipeleka gari gereji niliyoizoea. Kijana akachomeka kile kifaa kidogo kinachosomwa kwa simu, akatazama, akaniambia, "Dada, mashine haioni kosa lolote." Nilishangaa. Taa inawaka mbele yetu sote wawili, mashine inasema gari zima. Siku hizi naelewa: vile vifaa vya bei rahisi, vilivyo vingi vinasoma kompyuta ya injini tu. ABS ina kompyuta yake, na kifaa kisichojua kuongea nayo hakiwezi kusikia inalalamika nini. Kwa hiyo ukiambiwa "mashine haioni kosa", uliza kwanza mashine hiyo imeingia kwenye kompyuta ipi.

Fundi akakumbuka kwamba mwezi wa sita walifungua gurudumu la mbele kulia kubadilisha bol-jointi, kile kiungo kinachoshika gurudumu. "Basi sensa ya hapo ndiyo imekufa," akasema, yaani kile kifaa kinachoisomea kompyuta mwendo wa gurudumu. Nikanunua sensa kwa laki moja na ishirini, ikafungwa, taa ikazimika. Nikafurahi. Ile ya zamani niliomba nirudishiwe, nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kiti. Mama yangu alitulea hivyo, kifaa ulichokilipia hukiachi kwa fundi.

Siku ya tisa, njia ile ile ya Hombolo, taa ikawaka.

Gereji ya pili sikupimiwa kitu. Fundi alifungua boneti, akatazama lile dude la chuma lenye mabomba ya breki juu yake, akasema pampu ya ABS imekwisha, na kwamba iliyotumika inapatikana Dar es Salaam kwa milioni moja na laki mbili. Nilimwambia sina. Akanijibu kwa upole kabisa, na naamini alidhani ananisaidia: "Kwa barabara zetu hizi ABS haina kazi, dada. Nikutolee balbu ya taa, uendeshe kwa amani." Nikakubali. Akafungua dashibodi, akachomoa kibalbu kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi, akanipa mkononi. Nikakitia kwenye kopo pamoja na sensa.

Nataka kueleza vizuri kilichotokea mwezi wa kumi na mbili, kwa sababu hoja ile ya "haina kazi" nimeisikia kwa watu wengi ninaowaheshimu, na ina ukweli nusu.

Ukweli wenyewe ni huu. Kwenye changarawe na mchanga, gurudumu lililoganda huchimba na kusukuma tuta dogo la udongo mbele yake, na tuta hilo husaidia kusimamisha gari. ABS hairuhusu gurudumu kuganda, kwa hiyo kwenye rafu unaweza kusimama mbali zaidi kidogo kuliko gari lisilo nayo. Dereva wa vijijini analiona hilo kwa macho yake, kisha anahitimisha kwamba mfumo mzima ni pambo. Lakini ABS haikuwekwa kwa ajili ya kufupisha umbali peke yake. Gurudumu la mbele likiganda linateleza, na gurudumu linaloteleza halisikii usukani. Unakata kushoto, gari linakwenda lilikokuwa linakwenda.

Nilikuwa natoka Kibaigwa na magunia machache ya mahindi, mvua ya kwanza ya msimu ndiyo kwanza imepita. Mtu wa Dodoma anaijua lami ya siku hiyo. Miezi saba hakuna tone, barabara imekusanya vumbi, oili na mabaki ya mpira wa matairi, halafu manyunyu ya robo saa yanaukoroga uchafu huo wote kuwa utelezi. Karibu na Mbande mbuzi waliruka barabarani, watano au sita, na nyuma yao mtoto wa kama miaka minane na fimbo yake. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Nikasikia magurudumu yameacha kuzunguka. Ile sauti ya matairi kuviringika ikakatika ghafla, ikabaki kama mtu anaburuta gunia. Nikakata usukani kushoto kuingia pembeni. Hakuna kilichobadilika. Niliendelea kwenda mbele, nikimtazama yule mtoto.

Sijui mguu wangu ulipata wapi akili ya kulegea. Ulilegea kidogo, matairi yakashika, gari likageuka kushoto na kuingia kwenye majani. Mtoto aliruka upande wa pili. Hakuna aliyeguswa, hata mbuzi. Niliteremka, nikakaa chini kwenye majani yaliyolowa mpaka miguu ilipoacha kutetemeka, na yule mtoto akaja akaniamkia, "Shikamoo mama," kana kwamba ndiye aliyenikosea.

Kitendo kile mguu wangu ulichofanya mara moja, kwa bahati, ndicho ABS hufanya mara nyingi ndani ya sekunde moja, gurudumu kwa gurudumu. Mfumo huu wa kielektroniki si kitu cha jana: wa Bosch uliingia kwenye Mercedes-Benz mwaka 1978. Na mimi niliutoa balbu, nisijue tena ni lini umejitoa.

Jirani yangu wa Nkuhungu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari tangu enzi za Land Rover, anayefanyia kazi uani kwake chini ya mwarobaini. Nilifika saa mbili asubuhi. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mbukwa, mwanangu, kaa kwanza," akaniongezea salamu ya Kigogo. Nikaanza kumweleza kwamba pampu imekufa, akainua mkono. Hakutaka kusikia nani alisema nini. Alitaka kujua vitu vinne: taa nyekundu ya breki imewahi kuwaka pamoja na ya njano? Matairi manne yote ni saizi moja? Mafuta ya breki yako kiasi gani? Na taa huwaka wapi?

Maswali hayo nimeyashika. Njano peke yake maana yake ABS imejitoa, lakini breki za kawaida zipo. Nyekundu ikiungana na njano ni habari nyingine kabisa: huenda mafuta ya breki yamepungua, huenda hata ule mgawanyo wa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma umepotea, na gari la hivyo halifai kuendelea na safari. Suala la matairi linaonekana dogo, ila kompyuta ya ABS hulinganisha mwendo wa magurudumu, na tairi dogo huzunguka haraka kuliko wenzake, likaonekana kama kosa.

Kwa swali la nne nilimpa daftari. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akigeuza kurasa za kreti na majina ya wakulima. Kisha akasema, "Umeona? Nyingi ni za kwenda. Unakwenda mtupu, gari linarukaruka. Ukirudi na mzigo linatulia. Pampu haijui kama umebeba zabibu." Akafunga daftari. "Kuna kitu kinatikisika."

Akaniambia nifungue swichi bila kuwasha injini. Akachungulia dashibodi. "Taa iko wapi?"

Nikamwonyesha kopo. Hakunigombeza, alinyamaza tu kwa muda, na ukimya ule ulinitosha. Halafu akanieleza kwamba taa ya ABS hutakiwa kuwaka unapofungua swichi, ikae kama sekunde tatu, kisha ijizime yenyewe. Hapo kompyuta inajipima. Gari ambalo taa hiyo haiwaki kabisa ni la kutiliwa shaka sawa na lile ambalo haizimiki. Anayenunua gari lililotumika aanzie hapo, kabla hajatazama rangi.

Balbu ikarudishwa. Mzee hakuwa na mashine. Alichukua kipande cha waya, akainama chini ya usukani kwenye soketi ya kupimia, akaunganisha tundu namba 4 na namba 13. Kwenye gari langu ndivyo inavyofanyika. Kwa gari lingine usichomeke waya kwa kubahatisha, maana tundu lisilo sahihi linaweza kuunguza kitu cha gharama. Akaniambia, "Fungua swichi, hesabu."

Taa ikaanza kupepesa. Tatu za harakaharaka. Kimya. Moja. Kimya kirefu. Tatu tena. Kimya. Moja.

"Thelathini na moja," mzee akasema. "Mbele kulia." Mashine nzuri ingeandika C0200 kwa kosa hilo hilo, nimeiona baadaye.

Moyo ulinishuka. Mbele kulia ndiko nilikobadilisha sensa mpya. Nikamwambia, na hapo akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Alisema taa haijui sensa imekufa. Taa inajua kwamba habari za gurudumu lile hazifiki kwa kompyuta. Kati ya gurudumu na kompyuta kuna pete ya meno inayozunguka na gurudumu, kuna sensa, kuna waya, kuna soketi, kuna waya tena. Mtu akiisoma namba ya kosa na kusema "ni sensa" anakuwa ameruka vitu vinne na kushika kimoja.

Akaanza kuvipitia kwa mpangilio. Gurudumu likainuliwa kwa jeki. Akalishika tairi juu na chini akalitikisa kusikiliza kama beringi imelegea, maana habu, kile kitovu cha gurudumu, ikicheza, nafasi kati ya sensa na ile pete ya meno inabadilika. Ilikuwa imara. Akamulika meno kwa tochi, akazungusha polepole: hakuna lililovunjika, hakuna unga wa chuma uliogandamana. Kisha akaomba kopo langu.

Sensa za gari langu ni zile za zamani, sumaku iliyozungushiwa koili. Meno ya pete yakipita mbele yake, umeme mdogo wa kupanda na kushuka huzalishwa, na kadiri gurudumu linavyokwenda kasi ndivyo kupanda na kushuka huko kunavyoongezeka, kompyuta inahesabu. Sensa kama hii inapimwa kwa mita ya umeme ya kawaida. Mzee aliipima ukinzani wa umeme ile mpya iliyokuwa kwenye gari: kilo-omu 1.5 na kidogo. Akaiweka ile ya zamani juu ya meza, akagusisha ncha mbili za mita. Nikainama kutazama. Kilo-omu 1.5 na kidogo.

Zilikuwa sawa. Sensa niliyoambiwa imekufa ilikuwa hai muda wote, imelala kwenye kopo la maziwa pamoja na balbu. Akazungusha gurudumu kwa mkono, mita ikiwa kwenye volti za AC, na namba ndogo zikapanda na kushuka jinsi alivyozungusha. Sensa mpya nayo ilikuwa inafanya kazi.

"Sasa twende upande wa pili," akasema. Betri ikafunguliwa, soketi kubwa ya kompyuta ya ABS ikachomolewa kule ndani ya boneti. Akatafuta zile waya mbili za gurudumu la mbele kulia, akapima kutokea huko, yaani sensa pamoja na njia nzima. Kilo-omu 1.5. Safi. Nikadhani tumefika mwisho bila jibu. Mzee akanipa mita niishike, akaniambia nisiondoe macho, akaingiza mkono kwenye upinde wa tairi na kuanza kutikisa waya, kipande kwa kipande, kuanzia gurudumuni kuja juu.

Hakuna. Hakuna. Alipofika nyuma kidogo ya soketi inayounganisha waya wa sensa na waya wa bodi, namba ikatoweka, mita ikaandika OL. Njia imekatika. Nikapiga kelele, "Hapo!" Akaachia, 1.5 ikarudi. Akapinda tena, OL.

Kile kibanio cha plastiki kinachoishika soketi kwenye bodi kilikuwa hakipo. Walipobadilisha bol-jointi mwezi wa sita kilivunjika, au walikivunja, na badala yake soketi ilifungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi, ule tunaofungia mizigo. Soketi ikawa inaning'inia, kila shimo inapigapiga. Waya ukachoka. Ngozi ya nje nzima, haina hata mkwaruzo. Ukiutazama usingeona lolote. Mzee alipoichana kwa wembe, nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimekatika zote, ncha zimekuwa nyeusi, zinagusana tu kwa kusogeleana. Ndiyo maana taa ilizimika siku tisa nilipofungiwa sensa mpya. Fundi alipochomoa soketi na kuirudisha aliupinda waya, ncha zikakutana, sote tukaamini sensa ndiyo iliyoponya.

Alikata kipande kibovu cha vidole viwili, akaunga waya mpya kwa risasi, akavisha kila uzi mpira wake wa kubana kwa moto. Zile waya mbili alizisokota pamoja kama zilivyokuwa, akaniambia kusokotwa kule hakuwekwa kwa urembo: kunazuia umeme wa vitu vingine vya gari kuchafua ishara ndogo ya sensa, kwa hiyo anayeunga bila kusokota anaweza kuanzisha kosa jipya. Kibanio kipya kikafungwa kwa skrubu. Kisha akaniagiza nikate usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, yeye akiwa ameinama anatazama kama waya wa sensa unavutika. Haukuvutika. Akarudisha kila kitu, akaunganisha tena tundu 4 na 13, akaniambia nikanyage breki mara nane ndani ya sekunde tano, akihesabu kwa sauti. Kumbukumbu ya kosa ikafutika.

Alidai elfu thelathini. Niliongeza kumi, akakataa, nikamwachia mke wake.

Hatukuishia hapo uani. Tulikwenda kwenye kiwanja kimoja kitupu, udongo mgumu uliomwagiwa changarawe, hakuna mtu wala mnyama. Mzee alikaa kiti cha abiria, kafunga mkanda. Kilomita arobaini kwa saa, akasema, "Kanyaga yote, usiachie." Nikakanyaga. Pedeli ikaanza kutetemeka chini ya kiatu, mtetemo mzito wa haraka, na sauti ya kukwaruza ikatoka mbele. Mguu wangu ukataka kutoka. "Usiachie!" Nikakaza. "Kata kushoto." Nikakata, na gari likaenda kushoto, breki ikiwa imekanyagwa mpaka chini.

Nilirudia mara tatu, ya mwisho peke yangu. Ule mtetemo watu wengi huudhani ni uharibifu, wanaachia pedeli wakati ule ule ambao hawapaswi kuachia. Kijana wangu wa kupakia, ambaye siku nyingine hushika usukani, nilimpeleka kiwanja kile kile wiki hiyo hiyo akauhisi kwa mguu wake mwenyewe.

Kwa gereji ile ya kwanza nilirudi, nikawaonyesha kile kipande cha waya kilichokatwa, nikawapa wakipinde wenyewe huku mita ikisoma. Yule kijana alikipinda mara nyingi, akaniomba akibakize. Nikamwachia. Sensa ya zamani ninayo bado, imefungwa kwa nailoni, spea ya siku ile ya mbele kulia itakapokufa kweli.

Mwezi wa pili tulianza kuvuna tena. Asubuhi ya safari ya kwanza ya Hombolo nilifungua swichi nikiwa nje ya geti, nikasubiri. Njano ikawaka: moja, mbili, tatu. Ikazimika. Nikaingiza gia.